Mabaka ya Kahawia kwenye Dungusi la Sebuleni

Msikilizaji, kama una dungusi kakati refu sebuleni na limeanza kutoka mabaka ya kahawia, usikimbilie dawa wala kopo la maji. Liguse kwanza.

Baka likiwa gumu na kavu kama gome, tena limeanzia chini ya shina na kupanda taratibu, huo ni uzee tu. Likiwa upande wa dirishani peke yake, na lilipauka kabla ya kugeuka kahawia, ni jua limeunguza. Huipata sana mimea iliyozoea kivuli ikatolewa ghafla juani. Kovu hilo halifutiki, lakini haliui.

Linalotisha ni baka linalobonyea, lenye majimaji na uvundo. Huo ni uozo, na mara nyingi chanzo chake ni maji mengi kwenye chungu kisicho na tundu, hata kiwe kizuri namna gani. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, kata mpaka ufikie nyama safi isiyo na doa hata moja. Kifute tena kila unapokata. Kipande kizima kiache kivulini wiki moja au mbili kidonda kikauke, ndipo ukipande kwenye mchanga mkavu.

Ila ukikata ukaona utomvu mweupe kama maziwa, huenda hilo si dungusi bali ni jamaa ya mnyaa. Vaa glavu, weka watoto mbali. Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi, uende hospitali mara moja.