Mtoto Anayechafua Nguo Amefunga Choo

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wa malezi na wazazi wa shule za msingi



Nimeombwa nizungumzie watoto wa shule wanaotokwa na haja kubwa kwenye nguo, tena si mara moja bali wiki nenda wiki rudi. Ratiba imeandika "tatizo la usafi". Naomba nianze kwa kuligomea jina hilo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na wengi niliowapokea kwa shauri hili walikuwa wasafi kuliko ndugu zao, maana waliogeshwa mara tatu kwa siku. Kinachoumwa ni utumbo.

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa darasa la tatu. "Sista, huyu anaharisha, mwezi wa tatu sasa." Alikwisha kumpa dawa ya minyoo mara mbili na vidonge vya kuzuia kuharisha. Baba mtu alikwisha kumpa fimbo. Bibi alikwisha kuulizia kama kuna mtu kamtupia jicho. Nilimlaza mtoto kitandani nikampapasa tumbo. Chini, upande wa kushoto, nilikuta madonge magumu yamepangana kama viazi ndani ya gunia. Nikamwambia, "Mama, huyu haharishi. Huyu amefunga choo." Akacheka, akidhani namtania.

Sikumlaumu. Nguo kila siku zina choo laini, halafu mtu anakwambia choo kimekwama! Lakini ndivyo ilivyo kwa watoto hawa walio wengi, zaidi ya 8 katika kila 10. Nitaeleza inavyokuwa, kwa sababu mzazi au mwalimu akishaelewa hapa, fimbo inamdondoka mkononi yenyewe.

Mwisho wa utumbo mpana pana sehemu inayoitwa puru. Kwa kawaida puru huwa tupu. Choo kikishuka humo, kuta zake hutanuka na kupeleka habari kwenye ubongo: haja imefika. Sasa chukua mtoto aliyewahi kupata choo kigumu kikamchana. Kesho yake habari ikifika, anabana. Atasimama kwa ncha za vidole, atapishanisha miguu, atajificha nyuma ya mlango, na nyumbani watasema anasukuma, kumbe anazuia. Choo kinachokaa ndani hunyonywa maji, kikazidi kuwa kigumu, na siku kikitoka kinauma kuliko jana. Basi anabana zaidi. Baada ya miezi puru imetanuka kama mpira wa nguo ya ndani uliolegea, na ile habari haipelekwi tena. Hapo choo kipya, chepesi, kinachotoka juu hukuta njia imezibwa na donge, kikapenya pembeni kama maji ya mfereji yanavyopita kando ya gogo. Kinatoka bila yeye kujua. Hata harufu haisikii, kwa kuwa pua yake imeizoea, kama sisi tusivyosikia harufu za nyumba zetu. Kwa hiyo lile swali tunalolipenda, "Kwa nini hukusema?", hana jibu lake. Hakujua. Na nguo anazozificha juu ya kabati au chini ya godoro, hazifichi kwa ujeuri. Anaona aibu.

Vidonge vya kuzuia kuharisha humzidishia mtoto huyu maradhi. Nasisitiza kwa sababu maduka ya dawa tunayajua: unaingia, unasema "anaharisha", unatoka na vidonge.

Si kila kubana kunaanza na maumivu. Kunaanza pia na choo cha shule, na hapa, walimu wangu, mniwie radhi. Mwongozo wa nchi yetu unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Mnajua wenyewe mna ngapi. Tuache hata hesabu. Mlango hauna komeo, au hakuna mlango kabisa. Maji ya kuchambia hayapo, na mtoto aliyelelewa kuchamba hawezi kutoka chooni bila maji. Ataona heri abane mpaka nyumbani. Choo kizuri kipo, kimefungwa kufuli, ni cha walimu na wageni.

Halafu kuna saa. Mtu akila, tumbo huuamsha utumbo mpana. Ndiyo maana wengi wetu haja hutushika baada ya chai. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro bila kutia kitu mdomoni, chakula chake cha kwanza ni uji wa saa nne. Haja yake inamjia saa nne na dakika kumi na tano, wakati foleni ya chooni ni ndefu na wakubwa wanawasukuma wadogo. Kengele inalia. Anaingia darasani, ananyoosha mkono, naye mwalimu anasema, "Ulikuwa wapi mapumziko?" Mwalimu ana haki ya kuchoka na watoro wa vipindi. Lakini mtoto amebana tena, na jioni utumbo hauitiki.

Matibabu ni ya hatua mbili, na wengi huruka ya kwanza. Kwanza donge litolewe. Hapa papai pekee halitoshi, wala mboga, wala maji. Ukimrundikia makapi mtoto aliyeziba unamwongezea mzigo. Anahitaji dawa ya kulainisha choo, makrogoli au laktulosi, kwa kipimo anachopanga daktari kufuatana na uzito wake. Siku hizo nguo zitachafuka kuliko mwanzo. Mzazi asipoambiwa mapema ataacha dawa siku ya tatu, na haki yake. Mpangieni siku za likizo kama inawezekana.

Hatua ya pili ndiyo ndefu: dawa iendelee kwa kiasi cha kumfanya apate choo laini kila siku, mpaka puru irudi ukubwa wake na hisia zake. Miezi 2 ni kiwango cha chini, na wengi huhitaji 6 au zaidi. "Utumbo wake si utazoea dawa?" Swali hili naulizwa kila wiki. Dawa hizi zinavuta maji kwenye choo tu, hazichokozi utumbo. Kinachorudisha ugonjwa ni kuacha mapema, nguo zikishakuwa safi wiki tatu na watu wakishasherehekea. Kuacha nako ni kidogo kidogo, kwa maelekezo.

Pamoja na dawa, mtoto akae chooni baada ya kula, dakika 5 hadi 10, hata kama hasikii haja, kwa kuwa kusikia ndiko kulikopotea. Choo chetu cha kuchuchumaa kinafaa sana kwa kazi hii. Magoti yako juu na njia imenyooka. Kwenye choo cha kukalia, miguu yake isining'inie, mwekee kigoda. Msifu kwa kukaa, si kwa kutoa, maana kutoa hakumo mikononi mwake. Hapa ndipo papai, embe, mchicha, maharage, dona badala ya sembe, na maji ya kutosha vinapopata kazi.

Kule Bristol, Uingereza, wataalamu walitoa mwaka 1997 mchoro unaopanga choo katika aina 7, kuanzia vigololi vigumu hadi maji matupu. Watoto wanaupenda kuliko unavyodhani. Aina ya 4, laini kama ndizi iliyomenywa, ndiyo tunayoitafuta. Mpe daftari aandike namba tu.

Shuleni, mtoto huyu hahitaji hotuba mbele ya mstari. Anahitaji mtu mzima mmoja anayejua. Wakubaliane ishara, tuseme penseli nyekundu juu ya dawati, naye atoke bila kuuliza, dakika kumi baada ya mapumziko, foleni ikiwa imeisha. Kaptura na chupi za akiba zikae ofisini pamoja na sabuni. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 akina mama waliniuliza nguo chafu zirudi nyumbani ndani ya nini. Kindoo kidogo cha rangi chenye mfuniko kinafaa kuliko mfuko ulivyofaa. Wanafunzi wakianza kumpa majina, mwalimu azime palepale, bila kueleza ugonjwa wa mwenzao.

Wapo wachache ambao hawafuati maelezo haya, na hao wapelekwe hospitali bila kungoja. Mtoto aliyekawia kupata choo cha kwanza zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, akafunga choo tangu uchanga: huenda sehemu ya utumbo wake haina neva. Mtoto ambaye miguu inalegea, au anayevuja mkojo pia, au ana kishimo au nywele chini ya mgongo: uti wa mgongo uchunguzwe. Tumbo kujaa na kutapika, kukonda, damu nyingi kwenye choo. Na yule aliyekuwa mzima akaanza ghafla, akawa mwoga wa mtu fulani au wa mahali fulani. Kuchafua nguo peke yake si ushahidi wa kudhulumiwa, lakini mwalimu wa malezi akiona mambo mawili matatu yanaandamana asinyamaze. Ustawi wa jamii wapo, na simu namba 116 hailipiwi.

Yule wa darasa la tatu alichukua miezi minane. Mwezi wa tano alirudia kuchafua, kwa sababu dawa ilikwisha na nauli ya kufuata nyingine haikuwepo. Baba yake ndiye aliyekuja kuichukua.

Kabla hatujatoka kunywa chai, nimeweka vipande vya karatasi mlangoni. Kila mwalimu aandike mambo mawili, bila jina la shule: ufunguo wa choo kizuri unakaa kwa nani, na leo asubuhi kulikuwa na maji au hapana. Nitazikusanya mwenyewe, tutazisoma tukirudi.