Breki Zinapolia, Tuzisikilize Kwanza

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumze juu ya sauti ambayo kila mkazi wa mjini anaijua. Ni ule mlio mwembamba unaochoma masikio pale gari linapokaribia kituo au taa za barabarani. Abiria hukunja uso, wapita njia hugeuka, na dereva huona haya. Na palipo na haya, ndugu zangu, hapakosi biashara. Nenda kwenye maduka ya spea, pale Gerezani ama penginepo, uulizie dawa ya breki zinazolia. Utaonyeshwa vibati vyembamba vya kubandika nyuma ya pedi, grisi maalumu, na dawa za kupuliza kutoka kwenye kopo. Swali letu leo ni hili: je, vitu hivi vina faida, au tunatupa fedha?

Kwanza tujue mlio wenyewe unatoka wapi. Katika gari lenye breki za diski, kila gurudumu huzunguka pamoja na sahani ya chuma. Dereva akikanyaga breki, pistoni iliyomo ndani ya kalipa husukuma pedi mbili zikaibana sahani hiyo kutoka kila upande. Wakati mwingine pedi haitulii. Inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara elfu kadhaa katika sekunde moja. Chuma kinatetemeka, na kutetemeka huko ndiko kunakolia, kama unavyolia ukingo wa glasi unaposuguliwa kwa kidole kilicholowa maji. Breki inaweza kulia hivyo na bado ikalisimamisha gari barabara.

Hapo ndipo vibati vinapoingia. Vilivyo bora hutengenezwa kwa tabaka za chuma na mpira, na kazi yake ni kuumeza ule mtetemo kabla haujawa sauti. Grisi maalumu inayopakwa mgongoni mwa pedi hufanya kazi inayofanana na hiyo. Basi, huu si uganga. Watengenezaji wa magari wengi huviweka vibati hivi tangu kiwandani, na pedi nyingi huuzwa zikiwa navyo ndani ya boksi. Fundi anayevitupa akidai kwamba havina kazi, huyo ndiye aliyeanzisha kelele kwa mikono yake.

Walakini, breki hulia kwa sababu nyingi, na kibati hutibu mojawapo tu. Gari lililolala nje usiku wa mvua huweza kulia asubuhi kwa sababu ya kutu nyepesi juu ya diski. Likishasimama mara chache kutu inafutika, wala hapahitajiki dawa. Lingine linalia kwa sababu ya uchafu, au pini za kalipa zimekauka, na pedi imelika upande mmoja. Hilo linahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi inayofaa. Na wakati wa kusafisha, vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, maana zipo pedi zilizotengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Lingine tena limefungwa pedi za bei ya chini, ngumu, zilizojaa chembe za chuma. Pedi za namna hiyo kulia ni tabia yake.

Sasa tufike kwenye sababu iliyo kubwa kuliko zote. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi wa ile sehemu inayolika. Katika pedi nyingi, mtengenezaji ameweka kwa makusudi ulimi mdogo wa chuma. Zikibaki milimita 2 au 3, ulimi ule unaigusa diski na kupiga kelele. Huo si ubovu, ndugu msikilizaji, huo ni ujumbe: pedi zimekwisha, nenda kabadilishe. Anayepuliza dawa hapo, ama fundi anayechukua koleo na kuukata ulimi ule ili mteja aondoke ameridhika, amemziba mdomo mlinzi anayepiga yowe la mwizi.

Baada ya mlio mwembamba hufuata mkwaruzo mzito, chuma kwa chuma. Hapo diski nayo inaliwa, na gharama ya pedi peke yake inageuka kuwa gharama ya pedi na diski. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena pedi iliyolika hupitisha joto haraka hadi kwenye mafuta ya breki. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga, ukitoka Iringa kuja Morogoro, mafuta hayo yakichemka hutoa mvuke, na dereva akikanyaga, mguu unazama hadi chini bila gari kushika.

Dawa zenyewe nazo zina hatari yake. Grisi ikigusa uso wa pedi au diski, breki inateleza. Na grisi ya kawaida, ile ya beringi, huyeyuka kwa joto na kuvimbisha mipira ya kalipa.

Tuseme na jambo moja ambalo wengi hulikwepa. Dereva wa daladala anajua kwamba gari linalia. Lakini jioni tajiri anasubiri hesabu yake, na hesabu haiulizi kama gari lilishinda gereji nusu siku. Kopo la dawa linanunuliwa kwa dakika tano, kelele inapungua kwa siku mbili, na kazi inaendelea. Anayebeba hatari ni yule abiria aliyesimama mlangoni, ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo nasema na wenye magari: siku ya kubadilisha pedi, msimdai dereva hesabu kamili. Na abiria, kondakta akikwambia breki zinalia tu lakini zinashika, muulize zilifunguliwa lini.

Hivyo basi, jibu letu ni hili. Vibati na grisi maalumu vina faida pale ambapo fundi amefungua gurudumu, amepima unene wa pedi na wa diski, amesafisha, amelainisha pini, na hakuona ubovu wowote. Hapo viwekwe, fedha haikupotea. Lakini vikinunuliwa kabla ya gurudumu kufunguliwa, tumelipia ukimya, na ukimya haulisimamishi gari.