Kumhoji Mzee Kliniki: Wajibu wa Mwanasaikolojia



Katika kliniki zetu za afya ya akili mzee haji peke yake. Huja na binti, mkwe au mjukuu, na mara nyingi aliyemsindikiza ndiye anayeulizwa maswali yote huku mgonjwa mwenyewe akitazama ukuta. Nasema wazi kwamba tukikosea kumhoji mzee, matibabu yote yanayofuata yatakuwa yamekosewa.

Chukueni kipimo cha kumbukumbu kinachojulikana zaidi duniani, kilichotolewa na Marshal Folstein na wenzake mwaka 1975. Kina alama 30. Anayepimwa hutaja tarehe, huandika sentensi, na hunakili michoro miwili ya pembe tano iliyoingiliana. Bibi wa Machame ambaye hakuwahi kuingia darasani hupoteza alama hata kama kumbukumbu yake ni nzima. Hapo tumepima shule, na kwenye faili tumeandika dimenshia.

Bahati njema, Wilaya ya Hai, iliko Machame hiyohiyo, ndiko kilikotengenezwa kipimo cha IDEA, kwa ajili ya wazee wa Afrika wasio na elimu ya darasani. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama kadiri awezavyo, hukumbuka maneno 10. Kisha mpimaji hupanga njiti nne za kibiriti mezani, naye mzee hupanga kama hivyo. Nimemwona bibi aliyekataa kabisa kushika kalamu akizivuta njiti zile kwa vidole vinavyotetemeka, akizigeuza moja moja mpaka vichwa vya njiti vikaelekea kule kule. Mwanawe, aliyekuwa ameshatuambia kwamba mama "hana akili tena", alinyamaza.

Hata hivyo alama peke yake si jibu. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, jana mzima na leo hamtambui mwanawe, huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Huyo apelekwe kwa daktari mara moja, saikolojia itasubiri. Dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka. Sonona nayo hujificha: wazee wetu wengi hawasemi wana huzuni, husema mwili unachoma, moyo unakwenda mbio, usingizi umekatika. Tena niwatahadharishe kuhusu amitriptilini. Ni dawa inayopatikana kirahisi, na kwa mzee inaweza kuvuruga kumbukumbu na kumwangusha. Tuulize kila dawa anayotumia kabla ya kumpima.

Suala la mjukuu kugeuzwa mkalimani wa mzee asiyejua Kiswahili vizuri linaniumiza sana. Hivi babu atamwambiaje mjukuu wake kwamba anatamani kufa? Maswali ya kifo, ya kunyimwa chakula au kupigwa nyumbani, yaulizwe faragha, na muuguzi anayejua Kichaga au Kisukuma ndiye atafsiri. Unapomhoji mzee, kaa upande wa sikio lake linalosikia. Mwamkie kwanza, hata kama foleni ni ndefu.

Familia nayo ielezwe ugonjwa kwa maneno ya kueleweka, maana maelezo hayo ni kinga. Mikoa ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mama anayetoka usiku na kutangatanga uani kwa jirani kwa sababu ya dimenshia yuko hatarini namna hiyohiyo.

Tiba za kumsaidia mwenye dimenshia zipo. Tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili, vipindi 14 kwa wiki 7, iliandaliwa Uingereza, ikarekebishwa na kujaribiwa Hai. Haihitaji mashine.

Naomba semina hii ikubaliane jambo moja la kuanza nalo: kila faili la mgonjwa wa miaka 60 na zaidi liwe na sehemu ya maneno yake mwenyewe, ijazwe kabla ya maelezo ya ndugu.