Daktari wa Meno Anapotoka Hospitalini

Mkazi wa Maua au Siakago mara nyingi humfikia daktari wa meno akiwa ameshika shavu, baada ya siku kadhaa bila usingizi. Wakati huo dawa ni koleo tu. Jino ambalo lingezibwa mapema linang'olewa.

Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 inaunganisha hospitali, vituo vya afya, zahanati na wahamasishaji wa afya ya jamii katika mtandao mmoja. Kwa daktari wa meno, hayo ni mageuzi makubwa. Alifunzwa kando ya kiti chenye taa na maji. Sasa anaketi na familia na kuuliza maswali. Je, mtoto hulala na chupa ya chai ya sukari? Baba ana kisukari? Anayetafuna miraa au muguka huteremsha kwa soda? (Wengi hucheka hapo, kisha wanakubali.)

Kiti hakibebeki, lakini si kila kazi inakihitaji. Katikati ya miaka ya 1980, hapa jirani Tanzania, ilianzishwa njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu bila mashine wala umeme. Inaweza kufanyika hata darasani.

Mhamasishaji akibisha hodi, mwonyesheni pia vinywa vya watoto. Doa jeupe karibu na fizi laweza kuwa mwanzo wa uozo, na dawa ya meno yenye floraidi bado inaweza kuuzuia. Fizi zikitoka damu, usiache mswaki. Fika zahanati iliyo karibu.