Chambo cha Ng'ambo na Maji ya Kwetu



Tunasema kwa niaba ya wavuvi, ambao kwa miaka kumi hii tumekaa meza moja na wakulima wa vitunguu wa Mang'ola na wakulima wa ngano wa Karatu. Wenzetu wamekwisha kueleza habari za bei na mbolea. Sisi tutasema habari ya ndoana, kwa kuwa liko mbele ya mkutano shauri la kutoa fedha ya akiba kununua vyambo vya chuma na vya manyoya kutoka ng'ambo. Fedha hiyo ni jasho la wanachama, na haifai itolewe kwa sababu tu bati linang'aa.

Vyambo hivyo vina asili njema, wala hatuvidharau. Yasimuliwa ya kwamba Mmarekani mmoja, Julio Buel, aliponyokwa na kijiko mtumbwini, na samaki akakidaka kingali kikizama. Hapo akatengeneza chambo cha umbo la kijiko, akapata hataza mwaka 1852. Na huko Ufini, mvuvi Lauri Rapala aliona ya kuwa samaki mkubwa huacha kundi zima akamfuata mdogo mmoja aendaye upande kama aliyejeruhiwa. Mwaka 1936 akachonga kizibo kikawa samaki mdogo wa namna hiyo, akakivika karatasi ya bati ya kufungia chokoleti. Tazameni basi: watu hawa hawakuagiza kitu. Kila mmoja alichungua samaki wa maji yake, ndipo akatia mkono kazini.

Wako waliofuata njia nyingine. Wazungu waliohamia Kenya walikuja na fimbo zao za kuvulia na vyambo vya manyoya vilivyofanana na nzi, lakini katika mito ya milimani hawakumwona samaki wa kuvila. Kwa hiyo mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Ndiyo kusema, badala ya kugeuza chambo kimfae samaki, waligeuza samaki amfae mwenye chambo! Ilifaa huko kwa kuwa mto ule ni wa baridi na maji yake ni maangavu kama ya kwao. Sisi hatuna mto wa namna hiyo kwa uvuvi wetu, wala hatumwombi mtu atuletee samaki mgeni. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Alileta biashara kubwa, hilo halina ubishi, lakini aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile zilitoweka. Perege wetu wa Eyasi ni wa jamaa apatikanaye katika maziwa machache tu ya magadi ya Tanzania, Manyara likiwa mojawapo. Akipotea hapa, hatuna mahali pengi pa kwenda kumtafuta.

Basi maji yetu ni ya namna gani? Mto Baray hushuka na udongo mwekundu wakati wa mvua, na baada ya miezi huwa mchanga mtupu. Ziwa Eyasi lina kina kifupi, na upepo wa alasiri hulikoroga tope mpaka mtu akitia mkono haoni vidole vyake. Chambo kinachong'aa hapo kitang'aa kwa faida ya nani? Perege hula mwani na vijidudu vidogo mno, wala hakimbizi kijiko. Kambale naye ana macho madogo, lakini ana sharubu nane, naye hutafuta riziki yake usiku kwa kunusa na kugusa. Samaki wa jinsi hii haitwi kwa mng'ao. Huitwa kwa harufu: kipande cha samaki, ini, minyoo. Wako wavuvi wa Ziwa Viktoria wanaomtegea kwa vipande vya sabuni ya mche, kwa sababu ya mafuta yaliyomo. Mwenye kucheka na acheke, lakini sabuni yapatikana duka lolote la Mang'ola.

Kwa hiyo tunachopaswa kuazima ng'ambo hakimo katika sanduku la vijiko. Ni ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina. Watu wa visiwa vya Pasifiki walikuwa na za mfano huo tangu kale, za mfupa na za kombe, na wavuvi wakubwa wa mishipi mirefu wamezipokea katika miaka hii ya karibuni. Ndoana iliyonyooka mara nyingi humezwa, ikampasua samaki ndani. Ile ya duara humshika pembeni mwa mdomo, akabaki hai mpaka asubuhi. Na kambale avutaye hewa, akifunikwa gunia la maji, aweza kuishi saa nyingi nje ya ziwa. Mahali pasipo barafu, hiyo ndiyo tofauti ya mwanachama anayepata bei njema Karatu na anayeuza kwa hasara njiani. Aliyewahi kununua kambale aliyeshinda juani hahitaji maelezo yetu.

Ndoana hizo zifungwe katika mshipi mrefu wenye chubwi na vyelezo, ule ambao watu wa pwani huuita dhulumati, utegwe jioni karibu na mahali maji ya chemchemi yanapoingia ziwani. Kwa perege, ndoana ndogo na donge la ugali vyatosha.

Jambo la mtaji nalo lisisahauliwe. Ziwa letu si la kila mwaka. Mvua za 1997 na 1998 zililijaza. Miaka mingine hukauka likawa uwanja mweupe wa chumvi. Chombo cha ghali kitalala ghalani kikishika kutu. Mshipi na ndoana hukaa katika debe moja, na mwenyewe akarudi shambani.

Maji ya Hifadhi ya Ngorongoro hatuyahesabu katika uvuvi wetu. Misitu ya milima ile, iliyo chini ya hifadhi tangu 1959, hulisha chemchemi zetu, na hilo latosha. Kadhalika kila mvuvi na awe na leseni yake, kama iagizavyo Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003.

Tunaomba basi mkutano ununue ndoana za duara mia mbili na vijiko sita tu, vijaribiwe kwa kufungiwa kipande cha nyama, mahali penye maji meupe. Kila usiku yaandikwe katika daftari la chama: ndoana ngapi zilitegwa, kwa chambo gani, maji yalikuwa ya rangi gani, samaki wangapi, kilo ngapi. Daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu ujao, kabla ya shilingi nyingine kupelekwa ng'ambo.