Sanda ya Torino: Umri Wake na Sura Yake

Leo tunajibu swali linalorudi kila Kwaresima: ile sura ya mtu aliyesulubiwa kwenye Sanda ya Torino ilitokana na nini?

Sanda hiyo ni kitambaa cha kitani, urefu wake mita 4 na ushee, kinachotunzwa katika kanisa kuu la Torino, Italia. Sura yake ni hafifu mno. Mwaka 1898 mpiga picha Secondo Pia aliipiga picha, na alipoisafisha gizani, uso ulijitokeza kwenye kioo cha negativu ukiwa wazi kuliko ulivyo kwenye kitambaa. Hapo sayansi ikaingia.

Mfaransa Paul Vignon alidhani mvuke wa jasho la maiti ndio uliochora. Lakini mvuke husambaa ovyo. Hautoi pua na midomo.

Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani waliichunguza siku 5, usiku na mchana. Rangi waliikuta juu juu tu, kama mkate uliobadilika rangi ganda bila kuguswa ndani. Wakasema nyuzi zenyewe ndizo zilizogeuka manjano, hazikupakwa kitu. Mwanakemia Walter McCrone alitazama kwa darubini sampuli zilizochukuliwa kwenye sanda, akapinga: aliona chembe za rangi ya mchoraji.

Kipimo kikubwa kilifanyika 1988. Kitani hutokana na mmea, na mmea ukiwa hai hufyonza kaboni ya hewani. Ukishavunwa, aina moja ya kaboni hiyo hupungua polepole kwa kiwango kinachojulikana. Maabara za Oxford, Zurich na Arizona zilipima vipande vya sanda, zikapata miaka ya 1260 hadi 1390. Mimi kipimo hiki nakipa uzito mkubwa, kwa sababu kinakubaliana na maandishi: sanda inatajwa kwanza Lirey, Ufaransa, katika miaka ya 1350, na mwaka 1389 askofu Pierre d'Arcis alimwandikia Papa kwamba ni kazi ya mchoraji.

Hata hivyo, ndugu zangu, kujua umri si kujua namna sura ilivyotokea. Mwaka 2009 Mwitaliano Luigi Garlaschelli alitengeneza sanda inayofanana nayo kwa kusugua rangi yenye asidi juu ya mtu aliyefunikwa kitani, kisha akaipasha moto. Wakosoaji wakasema rangi yake haikai juu juu vile. Mwanafizikia Paolo Di Lazzaro naye alitumia leza, akapata manjano ya juu kabisa, ila kwenye vipande vidogo tu.

Papa Yohane Paulo wa Pili, alipoizuru mwaka 1998, aliwaachia wanasayansi waendelee kuchunguza.