Mbinu ya siri itolewe lini?

Msikilizaji, mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, huanzia shuleni, yakapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Kwa watoto wa Piyaya, kufika ngazi ya wilaya ya Ngorongoro ni kuchezea mbele ya makocha wanaokaa kando ya uwanja wakisoma mechi za wenzao. Je, mwalimu aoneshe mapema mpira wa adhabu wa ujanja, au aufiche hadi mtoano?

Kumbuka robo fainali ya Kombe la Dunia, Desemba 9, 2022. Uholanzi iko nyuma 2-1 dhidi ya Argentina, dakika ya 90+11. Ni mpira wa adhabu, ukuta unasubiri shuti. Teun Koopmeiners akapenyeza pasi ya chini, Wout Weghorst akasawazisha! Penalti ziliwatoa baadaye, lakini bao lile liliwapa nusu saa nyingine ya uhai.

Mimi nasema ufichwe, ila mazoezini urudiwe hadi miguu iuzoee, maana presha huvuruga mbinu changa. Na timu ikielemewa kwenye makundi, mwalimu autoe hapohapo. Asiuweke akiba kwa nusu fainali ambayo huenda watoto hawa wasiifikie.